Kabla ya Kufungua Skuta, Tafuta Pampu

Skuta yangu ya kwanza ya umeme iliingia Tanga ndani ya kontena, imelazwa katikati ya majokofu na magodoro ya mtumba kutoka Ulaya. Muuzaji alikuwa ameisimamisha mlangoni pa duka kama jogoo wa maonyesho. Nilipobonyeza swichi haikuwaka. "Hiyo ni chaji tu, kaka," akaniambia, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuitumia kauli hiyo mara nyingi. Nikalipa. Nikaichomeka usiku kucha, na asubuhi ilikuwa maiti vilevile. Bei niliyotoa, mke wangu anaijua nusu.

Tangu hapo nimefungua skuta kadhaa, zangu na za watu. Nasema zile za kusimama: ubao wa kukanyaga, usukani mrefu, magurudumu mawili madogo. Wenye nazo huja na maswali mawili. La kwanza: "Naitengenezaje mwenyewe?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: "Naiongezaje spidi?" Nitayajibu yote mawili, ila la pili litasubiri zamu yake.

Mfano wangu utakuwa Xiaomi M365, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2016. Ndiyo niliyoizoea zaidi, na watengenezaji wengi wameiiga, kwa hiyo ukiielewa hiyo, nyingine nyingi utazisoma bila mwalimu. Ina kilo 12 na nusu, mota ya wati 250 iliyofichwa ndani ya gurudumu la mbele, betri ya volti 36 chini ya nyayo zako, breki ya diski nyuma, na matairi ya upepo ya inchi nane na nusu. Kiwandani imewekewa kikomo cha kilomita 25 kwa saa.

Mtu akishaipata, mkono humwasha. Anatafuta bisibisi, anafungua kifuniko cha chini, anakutana na nyaya za rangi zote, moyo unamdunda. Wakati huo tairi la nyuma limelegea kama embe bivu. Mimi nikiletewa skuta "mbovu" kitu cha kwanza kukishika ni pampu. Skuta imekuwa nzito, chaji inaisha kabla ya kufika, usukani unavuta upande: malalamiko haya matatu yanafanana sana na ugonjwa wa umeme, na mara nyingi ni upepo tu. Tairi laini hujikunja kila likizunguka, na kila mkunjo unalipiwa na betri.

Tairi dogo halina msamaha. Ukiendesha baiskeli ya Phoenix yenye hewa pungufu utachoka miguu, basi. Skuta yenye hewa pungufu ikigonga ukingo wa shimo, tyubu inabanwa kati ya lami na rimu, inatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Ukiyaona matundu hayo pacha usihangaike kupapasa ndani ya tairi ukitafuta mwiba. Hakuna mwiba. Ulikosa hewa. Kwa M365 jaza kati ya PSI 45 na 50, upime kila wiki kwa geji, usitegemee kidole gumba. Ukipeleka kwenye kompresa ya kituo cha mafuta, mwambie kijana ajaze kwa kugusagusa, kwani tyubu hiyo ni ndogo na inajaa kabla hajamaliza kukusalimia.

Siku pancha itakapokupata, na itakupata, gurudumu la nyuma ndilo litakaloteseka zaidi, kwa kuwa uzito wako mwingi uko huko. Piga picha kwa simu kabla ya kulegeza chochote, hasa mpangilio wa washa, maana washa moja ikihama upande diski itaanza kusugua na utasingizia breki. La mbele lina waya wa mota unaoingia kwenye ekseli. Usiuvute, usiuning'inizie uzito wa gurudumu, usiukunje kwa nguvu.

Kutoa tairi ni kazi. Mzee mmoja fundi baiskeli wa Ngamiani, hapa Tanga, alipoiona skuta yangu mara ya kwanza alicheka: "Hii baiskeli imekatwa miguu." Akachukua vyuma vyake vya kutolea tairi, na kwa ufundi wa miaka mingi akaitoboa tyubu mpya mara mbili mfululizo. Hakuwa mzembe. Tairi hili ni fupi na gumu, halina pa kupumulia kama la baiskeli, kwa hiyo nguvu yote ya chuma huishia kwenye mpira wa ndani. Kosa lile lilimuudhi kuliko lilivyoniudhi mimi. Kesho yake akaniita: tairi alikuwa ameliweka juu ya bati, kwenye jua la saa saba mchana, na lilikuwa limelainika kama chapati. Likaingia karibu kwa mikono mitupu. Wenzetu wa nchi za baridi hulichemshia maji. Sisi jua tunalo bure.

Yaliyobaki nilijifunza kwa kuharibu. Ipake tyubu poda ya mtoto ili isishikamane na tairi. Ijaze hewa kidogo kabla ya kuiingiza, kiasi cha kupata umbo la duara tu, isijikunje. Siri kubwa iko kwenye mfereji ulio katikati ya rimu: ule ukingo wa tairi uliokwisha kuingia usukumie chini kwenye mfereji huo, kisha upande wa pili utapata nafasi ya kuruka ukuta wa rimu. Anayelazimisha bila kuushusha ukingo anapigana na rimu yenyewe, na rimu haijawahi kushindwa. Ukikwama, tumia mpini wa kijiko cha plastiki kigumu badala ya bisibisi. Kiraka cha kawaida cha baiskeli kinafaa kwa tundu la mwiba, lakini palipochanika karibu na valvu usipoteze gundi.

Hapo ndipo watu huniuliza kuhusu matairi yasiyo na upepo, ya mpira mtupu wenye matundu kama sega la nyuki. Hayapati pancha, ni kweli. Lakini kila kokoto utaihisi kwenye meno, kwenye lami iliyolowa yanateleza zaidi, na mtikisiko ambao tairi la upepo lingeumeza unapanda kwenye nati, kwenye komeo la kukunjia na kwenye nyaya zilizolehemiwa. Nilifunga la nyuma nikakaa nalo miezi miwili. Nililitoa kwa msumeno.

Mtikisiko unanileta kwenye nati. Juni 2019 Xiaomi iliita zirudishwe M365 10,257, nyingi zikiwa Uingereza, kwa sababu skrubu moja kwenye sehemu ya kukunjia ingeweza kulegea na nguzo ya usukani ikakatika mtu akiwa juu. Skrubu moja! Hiyo ni skuta mpya ya Ulaya, kwenye lami ya Ulaya. Ya kwako imeshapita mikononi mwa mtu usiyemjua, ikasafiri baharini, sasa inaruka matuta ya Chumbageni. Kila wiki shika usukani, ubane gurudumu la mbele kwa magoti, uusukume mbele na nyuma. Ukisikia mchezo, hata mdogo, usiipande skuta hadi ujue mchezo huo unatoka wapi: komeo, bolti za bawaba, au beringi za kichwa cha usukani. Bolti nyingi zinataka elki, zile spana zilizopinda kama herufi L. Nunua seti nzuri, kwani ya bei ya chee huiviringa bolti kichwa, na baada ya hapo utahitaji drili na dua. Kwenye bolti za bawaba weka tone la gundi ya nati, ile ya buluu inayokubali kufunguliwa tena kwa spana. Ile nyekundu iache. Na usiitie gundi hiyo kwenye skrubu zinazoingia kwenye plastiki, huwa inaipasua.

Breki sitaielezea sana kwa sababu fundi baiskeli yeyote anaijua kuliko mimi. Waya hunyooka kadiri unavyotumika, na unakazwa. Kalipa ikisugua diski, legeza bolti zake mbili, kamata mkono wa breki kwa nguvu ili ijipange yenyewe juu ya diski, kaza ukiwa bado umeukamata. Usitie mafuta popote karibu na diski. Jambo moja tu ambalo fundi wako huenda asilijue: ndani ya mkono wa breki kuna kihisi kinachoiambia mota iache kusukuma. Skuta inayokataa kuondoka huku taa zinawaka, kabla ya kuilaumu kontrola, tazama kama mkono wa breki umerudi mahali pake kikamilifu. Nimewahi kurudisha uhai wa skuta kwa kutoa mchanga ulioganda pale.

Adui mwingine ni maji, na huku pwani maji huja na chumvi. M365 imepewa alama ya IP54, ambayo maana yake ni kwamba inastahimili maji ya kurushwa. Haijaahidi lolote juu ya dimbwi la masika, wala bomba la karwoshi. Njia tatu ndizo maji huzipenda: tundu la chaja, tundu ambamo waya wa mota huingilia ubaoni, na ukingo wa kifuniko cha chini. Kifuniko kidogo cha mpira cha tundu la chaja kikipotea, kitafutie mbadala siku hiyohiyo. Kwenye waya na ukingo paka silikoni, lakini nusa kwanza. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na huila shaba, kwa hiyo ukiiziba kontrola nayo umeifungia sumu ndani. Tafuta isiyo na harufu hiyo. Wala usipake kama unaziba paa, kwani kifuniko hicho utakifungua tena.

Skuta ikiogelea kwa bahati mbaya, usiiwashe "kuona kama inafanya kazi". Usiichaji. Fungua kifuniko, chomoa betri, iache kivulini penye upepo siku mbili tatu, kisha kagua viunganishi. Rangi ya kijani kwenye shaba ni ishara kwamba chumvi imefika. Na kama maji yameingia ndani ya ngozi ya betri yenyewe, betri hiyo haichajiwi tena, hata ikikauka, hata ikionyesha volti nzuri.

Sasa tuje kwenye umeme. Chombo unachokihitaji ni mita ya kupimia volti, hata ile ya bei ndogo. Bila mita unaagua. Chomoa chaja kwenye skuta, ichomeke ukutani, pima ncha yake: kwa skuta ya volti 36 utakuta kama 42. Ukikuta sifuri, umeokoa skuta kwa bei ya chaja. Ukikuta 54 na pointi, hiyo ni chaja ya skuta ya volti 48 iliyobahatika kuwa na kichwa kinachofanana. Usiichomeke kabisa. Kichwa cha chaja kuingia hakuna maana yoyote. Namba ndiyo yenye maana.

Kwa nini 42? Betri ya M365 ni seli 30, kila moja ina upana wa milimita 18 na urefu wa 65, zimepangwa tatu tatu katika safu kumi. Seli ya litiamu ikijaa inafika volti 4.2, na kumi zake ni 42. Chini haitakiwi kushuka zaidi ya 3 hivi, yaani 30 kwa betri nzima. Kumbuka namba hizi mbili, 42 na 30. Kinachoonekana kwenye mita kikiwa katikati yake, huenda betri ina uhai na kosa liko kwingine.

Yangu ilisoma 11. Gawanya kwa kumi: volti 1.1 kwa kila seli. Na hapa ndipo nilipoelewa lile kontena. Mashirika ya ndege hayapokei kwenye mzigo wa abiria betri inayozidi saa-wati 160, na ya M365 ina 280, kwa hiyo skuta hizi huja kwa meli. Ikae bohari huko Ulaya, ikae baharini, ikae bandarini, ikae dukani. Saketi ndogo inayoilinda betri haizimiki kamwe, inakunywa umeme kwa tone moja moja, na kama skuta ilipakiwa ikiwa na chaji kidogo, itafika imekauka. Muuzaji hakunidanganya alipotaja chaji. Alinyamaza tu juu ya muda.

Kijana fundi simu wa mtaa wetu alikuwa na dawa: kuiruka saketi ya ulinzi na "kuishtua" betri moja kwa moja hadi ipande juu ya 30, kisha iendelee na chaja ya kawaida. Nakiri nilishika nyaya mkononi. Dawa hiyo hufanya kazi, ndiyo ubaya wake. Seli ya litiamu iliyokaa muda mrefu karibu na volti 1, shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka. Ukiichaji tena, shaba hiyo huganda mahali pasipo pake na kutengeneza vijidaraja kati ya pande mbili zisizotakiwa kugusana. Betri itawaka, skuta itatembea, utawaita majirani. Kisha usiku mmoja, wiki tatu baadaye, ikiwa kwenye chaji karibu na mlango unaoutegemea kutokea, moja kati ya seli thelathini itapata moto na kuziambukiza nyingine.

Sitii chumvi. Mji wa New York mwaka 2023 ulihesabu mioto 268 iliyotokana na betri za litiamu, na watu 18 walikufa. Mwaka huohuo mji huo ulipiga marufuku kuunda au kuuza betri kwa seli zilizotolewa kwenye betri kuukuu. Walipima kazi ambayo vijana wetu wengi wanaifanya kwa seli za laptopu, wakaona haifai kubaki mikononi mwa kila mtu. Moto wa litiamu hutoa moshi wenye sumu, na ukidhani umeuzima unaweza kuwaka upya. Ukianza, toa watu, funga mlango, piga 114 kama uko Tanzania. Skuta iache.

Kwa hiyo mpaka wangu uko wazi. Ngozi ya buluu inayoifunika betri siichani. Nje ya ngozi hiyo nitapima, nitasafisha viunganishi, nitabadilisha kichwa kilichoungua, nitalehemu upya waya uliokatika. Ndani yake sina kazi. Nilitafuta skuta nyingine ya aina hiyohiyo iliyovunjika nguzo, nikachukua betri yake. Kabla ya kuiamini niliichaji mchana nikiwa macho, nikaiacha siku saba bila kuigusa, nikapima. Ilikuwa imeshuka kidogo sana. Ingeshuka volti moja au mbili kwa kukaa tu, ningeirudisha kwa mwenyewe. Ile iliyokufa niliizungushia tepu kwenye ncha zake, ikakaa nje ndani ya ndoo ya bati yenye mchanga, mbali na nyumba.

Kuilea betri nzima si kazi ngumu. Usiichaji ikiwa ya moto kutoka barabarani, iache ipoe nusu saa, saa. Usiichaji ukiwa umelala, wala kwenye korido ya kutokea. Kama unasafiri miezi miwili, iache nusu, usiiache tupu wala usiijaze pomoni, na umwombe mtu aitazame kila mwezi. Jua lililosaidia tairi ni adui wa betri, kwa hiyo egesha kivulini. Na umeme ukianza ule mchezo wa kukatika na kurudi, chomoa chaja hadi utulie.

Betri na chaja zikiwa salama na skuta bado inatetemeka au imegoma, kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakihitaji hata mita. Zima, chomoa betri kwanza, subiri dakika chache kwa kuwa kontrola hubaki na umeme uliohifadhiwa. Kisha zichomoe nyaya tatu nene zinazotoka kwenye mota, zungusha gurudumu kwa mkono. Lizunguke laini. Sasa gusanisha ncha mbili kati ya hizo tatu na uzungushe tena: litakuwa zito, lenye kigugumizi. Hivyo ndivyo mota yenye afya inavyojibu. Kama lilikuwa zito zilipokuwa zimeungwa kwenye kontrola, likalainika ulipozichomoa, kontrola imekufa. Kama ni zito hata zikiwa huru na hazigusani, kuna nyaya zimegusana ndani, mara nyingi pale zinapoingilia ekseli. Na kama yote haya ni sawa lakini skuta inashtukashtuka unapoondoka, tazama zile nyaya tano nyembamba za vihisi vya mota: nyekundu, nyeusi, na tatu za rangi. Mara nyingi ni kiunganishi kimeingiwa na kutu. Dawa yake ni brashi ya meno na spiriti.

Haya, spidi.

Programu za kuiondolea skuta kikomo zipo, na kuna wanaoziweka kwa malipo. Nimejaribu, kwa hiyo nasema ninachokijua. Ukitoka kilomita 25 kwa saa kwenda 35, nafasi ya kusimama hukua kwa mraba wa mwendo: breki ileile itataka karibu mara mbili ya umbali. Nguvu ya kupasua upepo hukua haraka zaidi, karibu mara mbili na robo tatu, na nguvu hiyo hutoka kwenye mota ya wati 250 na nyaya nyembamba zilizopimwa kwa kazi ndogo. Nyaya zangu za mota zililainika plastiki yake, na safari ambayo nilikuwa naimaliza na chaji ya akiba nikawa naikokota mwisho. Lakini hofu yangu kubwa ni tairi la inchi nane na nusu. Shimo ambalo pikipiki haiulizi jina lake, gurudumu hili linaingia lote, na wewe umesimama wima bila chochote mbele yako. Ndugu zetu walioko Ujerumani wana sababu ya ziada: huko tangu Juni 2019 kikomo cha skuta barabarani ni kilomita 20, na ukiibadilisha, ruhusa na bima vinaondoka pamoja.

Betri ya pili nayo ina washabiki wake. Wanaiunga sambamba na ya kwanza ili waende mbali zaidi. Kosa la kawaida ni kuziunga moja ikiwa imejaa na nyingine imepungua. Ukinzani wa ndani ya betri hizi ni mdogo mno, kwa hiyo iliyojaa huimwagia mwenzake umeme mwingi kwa mkupuo, na ukiwa na bahati kitakachoungua ni kiunganishi. Kama ni lazima, ziwe sawa kabisa kwa mita kabla hazijagusana, na fyuzi iwepo. Mimi nimeona kubeba chaja kwenye begi kunanitosha.

Mabadiliko ninayoyaunga mkono hayana wa kumvutia kijiweni. Madigadi ya nyuma ya M365 ni ndefu na nyembamba, hupasuka penye skrubu, na waya wa taa ya nyuma unapita humo, kwa hiyo ikivunjika unapoteza na taa. Niliikatia kishikizo cha bamba la aluminiamu, nikakikunja kwa koleo, nikakifunga chini yake. Kazi ya saa moja. Kwenye komeo la kukunjia niliweka kipande chembamba cha mpira wa tyubu kuukuu, mgongano wa chuma kwa chuma ukaisha. Taa ya mbele ya kiwandani inakuonyesha wewe kwa wengine, haikuonyeshi shimo, kwa hiyo funga tochi nzuri ya baiskeli kwenye usukani, yenye betri yake, isiyochota kwenye skuta. Viakisi pande zote mbili, kwani kutoka ubavuni skuta usiku haionekani kabisa. Ukitaka kupanua matairi hadi inchi kumi inawezekana, kwa vipachiko vya kuinua madigadi na uma wa mbele, na kwa barabara zetu ndiyo pesa pekee ya urembo nisiyoijutia. Pima tu kama tairi halisugui popote likiwa limejaa hewa na wewe umesimama juu, na si likiwa mezani.

Kengele nilifunga ya baiskeli, ya chuma, ile ya kring'kring'. Nilinunua kwa yule yule mzee wa Ngamiani. Alinifungia mwenyewe, akabonyeza matairi kwa vidole viwili, akaniangalia kama daktari, akanipa pampu.